Somo la robo hii: Kupanga makala za tovuti ya kwanza ya udalali



Maombi ya miradi ya vijana yanayofika ofisini kwetu siku hizi si ya kuku na bustani za mboga peke yake. Vipo vikundi vinavyoomba kompyuta na fedha za intaneti ili vifungue tovuti ya kutangaza bidhaa za wengine kwa kamisheni, kazi ambayo vijana wenyewe huiita afilieti. Kamati nyingi husita, na tunaelewa sababu. Wengi makanisani bado wanakumbuka DECI, iliyosimamishwa na serikali mwaka 2009 wakati waumini wengi walikuwa wamekwisha kupanda "mbegu" zao humo.

Kazi hii ni tofauti na ile. Ni udalali, kama wa nyumba au wa ng'ombe mnadani, ila dalali huyu hufanya kazi kwa maandishi. Duka kubwa la Amazon la Marekani lilianzisha mpango wake wa namna hii mwaka 1996. Msomaji akibonyeza kiungo kilicho ndani ya makala, akafika dukani na kununua, duka humlipa mwenye tovuti sehemu ndogo ya bei. Dalali hatoi kiingilio na hatafuti watu wa kuwaweka chini yake. Mradi wowote unaowadai vijana kiingilio na kuwataka walete wenzao ni kitu kingine, na kamati iukatae bila kikao cha pili.

Swali la kuwauliza vijana kabla ya kompyuta ni hili: mtaandika nini? Hapa ndipo tovuti nyingi za wanaoanza hufia. Kijana hufungua orodha ya bidhaa, hutafuta zenye kamisheni kubwa, kisha huandika sifa za vitu ambavyo hajawahi kuvishika. Anayesoma hutambua mara moja, na mtambo wa kutafutia wa Google nao umekuwa ukirekebishwa ili utambue. Mwaka 2021 Google ilianza kuzipa nafasi ya mbele tathmini za bidhaa zinazoonyesha kwamba mwandishi ameitumia bidhaa mwenyewe. Marekebisho ya Agosti 2022 na ya Machi 2024 yakazishusha kurasa zilizoandikwa kwa ajili ya kuonekana tu bila kumsaidia mtu. Tangu 2024 pia watafutaji wengi hupata jibu fupi lililotungwa na kompyuta juu kabisa ya ukurasa, na hawafungui tovuti yoyote. Kurasa za mambo ambayo kila mtu anayajua hazina kazi tena. Zinazobaki na nafasi ni zile za anayejua jambo kwa mikono yake.

Tuchukue mfano wa vijana wa mitelemko ya Kilimanjaro, Marangu au Machame. Wengi wao ni wapagazi, wapishi na waongozaji. Wameona soli za viatu vipya zikibanduka njiani. Wameona mgeni akiamka saa sita usiku kuanza safari ya kilele, mita 5,895, na taa yake ya kichwani haina betri, au mrija wake wa maji umeganda kwa baridi. Mwandishi wa Ulaya aliyepanda mara moja hana ujuzi huo. Wasomaji wao watakuwa watu wanaojiandaa kusafiri, wanaonunua vifaa kwao kabla ya kupanda ndege. Kwa hiyo tovuti itakuwa ya Kiingereza, na mwalimu wa sekondari anaweza kuombwa asahihishe. Tovuti ya Kiswahili yenye viungo vya duka la Marekani haitamfaa mtu wa hapa, kwa sababu vitu vingi vya duka lile havimfikii, na vinavyofika vina gharama kubwa ya usafiri.

Mpango unaanza na daftari la shule. Kwa miezi miwili kila mwanakikundi aandike maswali anayoulizwa na wageni, kwa maneno yao wenyewe, pamoja na makosa anayoyaona wakifanya. Je, viatu vya kukimbilia vinatosha? Mkoba wangu uwe na uzito gani? Mvua hunyesha lini? Nikipita njia ya Marangu nahitaji hema? Maswali thelathini yakipatikana, hizo ni makala thelathini, na kikundi kinachoandika makala moja kwa wiki kina kazi ya miezi saba.

Kisha maswali hayo yatengwe. Mengi hayana cha kuuza ndani yake. Swali la hema lina jibu fupi: njia ya Marangu ina vibanda vya kulala vya Mandara, Horombo na Kibo, na njia ya Machame ni ya mahema, ambayo kwa kawaida huletwa na kampuni inayompandisha mgeni. Swali la mkoba linamhusu mpagazi moja kwa moja, kwa kuwa hifadhi imeweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wake, na mgeni huambiwa mkoba wake usizidi kilo 15. Ipo pia habari ya mifuko ya plastiki, ambayo ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, hata kwa wageni wanaoshuka uwanja wa ndege. Kurasa kama hizi haziingizi senti moja, na kikundi kitashawishika kuziacha. Zisiachwe. Mgeni aliyejibiwa bila kuuziwa ndiye atakayefungua ukurasa wa viatu na kuuamini.

Maswali yanayobaki ndiyo ya kibiashara: viatu, taa za kichwani, glovu, chupa za maji, begi la kufunga mizigo. Hapo sharti liwe moja, kwamba haiandikwi tathmini ya kitu ambacho hakuna mwanakikundi aliyekishika au kukiona kikitumika mlimani. Picha wapige wenyewe, hata kwa simu, na mtu anayeonekana usoni aombwe ruhusa. Picha ya soli iliyobanduka pale Horombo ina thamani kuliko aya tano za sifa. Na kitu kisichohitajika kisemwe hivyo. Mfuko wa kulalia unaohimili baridi kali ni ghali, na mgeni anaweza kuukodi Moshi. Kumwambia hivyo ni kupoteza kamisheni. Sisi tungemwambia, na tungeandika pia namna ya kukagua zipu kabla ya kuuchukua.

Kalenda nayo ina uzito wake. Wageni hupanda zaidi kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena kuanzia mwishoni mwa Desemba hadi mapema Machi. Vifaa hununuliwa wiki au miezi kabla ya hapo, na tovuti mpya huchukua miezi mingi kabla haijaanza kuonekana kwa watafutaji. Makala inayotolewa Julai imemkosa mgeni wa Julai. Kwa bahati njema masika, Machi hadi Mei, ndiyo miezi ambayo wapagazi wengi wako nyumbani bila safari. Hiyo iwe miezi ya kuandika.

Sasa fedha, na hapa tunawaomba wahisani wasome taratibu. Kamisheni za Amazon kwa bidhaa nyingi ni asilimia chache tu, na Aprili 2020 duka hilo lilizipunguza kwa aina kadhaa za bidhaa bila madalali kuwa na la kusema. Tuseme kiatu ni dola 150 na kamisheni ni asilimia 4: kikundi kinapata dola 6. Watu kumi wakinunua kwa mwezi ni dola 60, na tovuti changa haifikishi wanunuzi kumi upesi. Kiungo cha kawaida huhesabiwa kwa saa 24 tu tangu kubonyezwa, na malipo hutoka takriban siku 60 baada ya mwisho wa mwezi. Dalali mpya asipopata mauzo matatu katika siku 180 za kwanza hufungiwa akaunti, kwa hiyo kikundi kisiombe kujiunga mpaka makala ziwe zimesimama na wasomaji wameanza kuja. Masharti ya malipo kwa nchi yenu yasomwe mapema, kabla ya neno la kwanza kuandikwa. Anayeomba ufadhili kwa kuahidi kwamba tovuti italipa ada za shule mwaka wa kwanza aombwe aonyeshe hesabu yake.

Lipo sharti moja ambalo parokia zinaweza kulivunja kwa nia njema kabisa. Amazon hairuhusu dalali kumvutia mnunuzi kwa kumwahidi kwamba sehemu ya fedha itakwenda kwenye mchango wa hisani. Hairuhusu pia mtu kujinunulia kwa kiungo chake mwenyewe. Basi lisitoke tangazo baada ya ibada, wala barua kwa marafiki wa ng'ambo, la kuomba watu wanunue kupitia tovuti ya vijana ili kujenga zahanati. Wahisani wanaotaka kuchangia zahanati wachangie zahanati. Kila ukurasa wenye viungo pia useme wazi kwamba mwandishi hulipwa msomaji akinunua. Duka linadai hivyo, na mwongozo wa serikali ya Marekani unadai hivyo tangu 2009. Kwa upande wa Tanzania, Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 na zilizofuata mwaka 2020 ziliweka leseni kwa baadhi ya wanaochapisha mtandaoni, kwa hiyo kikundi kiulize TCRA kama tovuti ya namna hii inahusika.

Jina la tovuti na akaunti ya udalali visiwe mali ya kijana mmoja anayejua kompyuta. Akienda Dar es Salaam kutafuta kazi, anaondoka na nywila. Viandikishwe kwa jina la kikundi pale inapowezekana, nywila ziwe kwa watu wawili, na mweka hazina aone taarifa ya mapato kila mwezi.

Kamati zinazotaka tupitie ombi la kikundi chao zitutumie daftari kwanza, maswali thelathini yakiwa yametengwa ya kuuza na yasiyo ya kuuza, na mbele ya kila swali jina la mwanakikundi anayelijua jibu lake kwa kuliona. Habari ya kompyuta tutaizungumza baada ya hapo.