SOMO LETU: NTA NA LAMI NDANI YA VISIMA VYA MAFUTA



Sisi wa Ruziba tunayajua mawese yanayopita hapa kutoka Rumonge. Asubuhi ya baridi hukuta bidoni imeganda, na jua likipanda mawese yanalainika. Mwenye kujua hilo amekwisha kuanza somo la leo.

Burundi hatuna kisima kinachotoa petroli. Lakini Uganda, kando ya Ziwa Albert, mafuta yaligunduliwa mwaka 2006, nayo yana nta nyingi. Chini ya ardhi kuna joto, nta imeyeyuka. Mafuta yakipanda yanapoa, na chuma cha bomba ni baridi kuliko mafuta yanayopita katikati. Kwa hiyo nta hushika kwanza kwenye chuma. Mwanzoni ni utando laini ulionasa mafuta ndani yake. Siku zikipita unakuwa mgumu, na njia inazidi kuwa nyembamba. Ndiyo sababu bomba la Hoima mpaka Tanga, kilomita 1,443, limebuniwa kupashwa joto kwa umeme, mafuta yasishuke chini ya digrii 50.

Kuna uchafu wa pili, asfaltini, mweusi kama lami. Huo haungojei baridi. Hujitenga na mafuta pale shinikizo linaposhuka, ukaganda juu ya chuma. Hapa wengi hukosea dawa. Nta huyeyuka kwa joto. Asfaltini haiyeyuki, hutaka dawa kama zailini, ambayo mvuke wake hulevya na hushika moto upesi. Hata kwa nta, mafuta ya moto yakimwagwa kutoka juu yanaweza kuiyeyusha na kuipeleka chini, ikaziba mwamba wenyewe unaotoa mafuta.

Sasa wewe kijana unayefikiria kwenda kutafuta kazi huko, sikiliza vizuri. Bomba lililoziba si bomba tupu. Nyuma ya kizibo huenda kuna gesi imebanwa, na kizibo kikiachia ghafla hutoka kama risasi. Usisimame mbele ya mdomo wa bomba. Usiwashe moto chini yake, hata msimamizi akiwa na haraka. Muulize: shinikizo limepimwa pande zote mbili? Uchafu huu ni nta au asfaltini? Kama ni zailini, glavu na kinyago cha mvuke viko wapi? (Kitambaa puani hakizuii kitu.) Na vali ikifungwa kwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwa anayeingiza mikono, si ofisini.