Kuanza Dawa ya Kifafa: Somo kwa Wamama



Siku ya kupima watoto tunafundisha mara nyingi juu ya malaria, kuhara na chakula cha mtoto. Leo tufundishane juu ya ugonjwa ambao watu wanauficha ndani ya nyumba. Ni kifafa, ule ambao wengi wanauita ugonjwa wa kuanguka. Hatutasema mambo yote ya kifafa. Tutasema hasa juu ya mtu mzima anayeanza dawa, na mambo anayoyaona katika majuma ya kwanza. Kwa maana ni hapo wengi wanapoacha dawa.

SABABU YA SOMO HILI

Miaka iliyopita nilimpa mama mmoja dawa ya kifafa. Alikuwa na watoto watatu, naye alianguka karibu kila juma. Nilimwambia: "Meza kidonge kimoja kila magaribi, urudi mwezi ujao." Basi. Watu walikuwa wengi mlangoni, nami nilikuwa na haraka. Sikumwambia kwamba dawa italeta usingizi. Sikumwambia kwamba nguvu yake haionekani siku ya kwanza.

Siku ya nne aliona kichwa kizito. Siku ya tisa akaanguka tena. Mama mkwe wake akasema, "Unaona? Dawa yao haiwezi." Akaiacha. Siku chache baadaye alianguka karibu na mbabula, na mkono wake wa kuume ukaungua mpaka vidole vikashikamana. Alipoletwa kwetu hakunilaumu. Mimi ndiye niliyejilaumu. Tangu siku ile sitoi dawa hii bila kuketi na mgonjwa pamoja na mtu mmoja wa nyumba yake, niwaeleze yote. Mambo ninayowaambia ndiyo haya.

KIFAFA NI NINI?

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Ubongo unatuma habari mwilini kwa nguvu ndogo, sawa na umeme. Kwa mwenye kifafa, mara moja moja nguvu hizo zinatoka zote pamoja bila utaratibu. Ni kama watu mia moja kanisani, kila mmoja anaimba wimbo wake kwa sauti kubwa. Mwili unatupwa chini, unatetemeka, kiisha unatulia.

Sababu zake ni nyingi: kuumia kichwa, mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, meninjiti, na watoto wa tegu wa nguruwe wakiingia katika ubongo. Katika Ituri na Bas-Uélé uchunguzi umeonyesha wagonjwa wengi katika vijiji vilivyo karibu na mito yenye maji ya mbio, pale wadudu wanaoleta upofu wa mto wanapozaliwa. Kwa hiyo wakigawa dawa ya Mectizan kijijini kwenu, msikatae.

Kifafa hakiambukizi. Mate, povu na mkojo wa mgonjwa havipitishi ugonjwa. Unaweza kula naye sahani moja na kumshika anapoanguka.

DAWA INAFANYA KAZI NAMNA GANI?

Katika vituo vyetu vingi dawa inayopatikana ni fenobarbitali. Si dawa ya kujaribiwa leo: imetumika kwa kifafa tangu mwaka 1912. Wengine wanapewa karbamazepini.

Mama, shika neno hili: dawa ya kifafa si kama dawa ya kuumwa kichwa. Inajaa mwilini polepole, kama pipa linalopokea matone ya mvua kutoka kwenye bati. Fenobarbitali inahitaji majuma 2 mpaka 3 ili ifike kipimo chake. Ukianguka siku ya tisa, maana yake pipa halijajaa bado. Usiseme dawa imeshindwa. Tena muuguzi anaanza na kipimo kidogo, anakiongeza kidogo kidogo kama inafaa. Usijiongezee mwenyewe.

WAMAMA WATATU WANASIMULIA

Maneno haya nimeyaandika karibu na vile yalivyosemwa.

Mama wa kwanza: "Juma la kwanza nilikuwa naona usingizi mingi, sawa vile mutu amekunywa pombe. Nilisinzia hata sokoni, mbele ya makala yangu. Jirani akasema: ile dawa inakuua polepole. Nikakuja kuuliza. Muuguzi akaniambia: meza magaribi, wakati wa kulala, hapana asubui. Nikafanya vile. Juma la tatu usingizi ukapungua. Sasa naenda shamba sawa wengine."

Mama wa pili: "Mimi sikuona usingizi sana. Niliona hasira. Watoto wakilia kidogo, nilikuwa nawapigia kelele. Bwana yangu aliuliza: umekuwa je? Nilipata haya kusema, lakini nikasema. Wakanipima tena, wakatengeneza kipimo. Mwezi wa pili uliisha bila kuanguka hata mara moja. Niliogopa kufurahi. Nilikuwa nangojea tu nianguke. Mwezi wa tatu njo nilianza kwenda kuchota maji ziwani tena, pamoja na binti yangu."

Mama wa tatu: "Miezi saba sikuangukaka. Kiisha mvua iliharibu njia, vidonge vikaisha. Nikawaza: nimepona, haizuru. Siku ya tatu nilianguka mara nne, siku moja. Walinibeba kwa kipoyi mpaka hospitali. Sasa vikibaki vidonge kumi, ninatuma mutu kuleta vingine."

Wamama hawa watatu wanatufundisha neno moja: mambo ya majuma ya kwanza yana dawa yake, na dawa yake ni kurudi kuuliza. Yule wa kwanza alibadili saa. Yule wa pili alibadilishiwa kipimo. Hakuna aliyesaidiwa kwa kunyamaza au kwa kuacha.

MAMBO YA KAWAIDA NA MAMBO YA HATARI

Haya yanaweza kuja mwanzoni, na mara nyingi yanapungua: usingizi, kichwa kizito, miguu isiyo na nguvu, uvivu wa kufikiri, hasira ya bure. Yasipopungua baada ya majuma 3, rudi kituoni. Siku hizo usipande juu ya mti, usiendeshe pikipiki, na usibaki peke yako kando ya moto au maji. Usinywe kasiksi wala lutuku, kwa maana pombe na dawa hii pamoja zinaweza kuzuia pumzi.

Haya ni ya hatari, uende hospitali siku ileile:

1. Upele mwilini, zaidi sana ukiwa pamoja na homa, vidonda kinywani au macho mekundu.
2. Usingizi ambao watu wanashindwa kukuamsha.
3. Macho au ngozi kuwa ya manjano.
4. Huzuni kubwa, au mawazo ya kujiua. Usione haya kusema. Wakati mwingine dawa yenyewe inaleta giza hilo, na kuna njia ya kusaidia.

USIACHE GHAFULA

Ukiacha dawa mara moja, ubongo unarudi kwa kishindo, na unaweza kuanguka mara nyingi mfululizo. Hiyo yaweza kuua. Dawa inaendelea mpaka mtu amemaliza angalau miaka 2 bila kuanguka. Baada ya hapo munganga anaweza kuipunguza kidogo kidogo kwa miezi. Wengine wanaendelea maisha yao yote, nao wanazaa, wanalima, wanafundisha shule.

Ukisahau kidonge, kimeze unapokumbuka. Lakini kama saa ya kidonge kingine imekaribia, meza hicho tu. Usimeze viwili pamoja.

Kila unapoanguka, weka alama kwa makala ukutani nyuma ya mlango, au funga fundo kwenye kamba. Siku ya kurudi, hesabu. Alama zikipungua mwezi kwa mwezi, dawa inafanya kazi, hata kama jirani anasema hapana.

MIMBA, KUNYONYESHA NA KUPANGA UZAZI

Mama anayetaka kuzaa aseme mbele, kabla ya mimba. Tunampa vidonge vya asidi foliki na kuangalia kama dawa yake inafaa. Kuna dawa moja, valproate, inayoweza kumwumiza mtoto tumboni. Mwanamke anayeweza kuzaa asianzishiwe hiyo kama kuna nyingine inayomfaa. Lakini ukiona umechukua mimba, usitupe dawa yako kwa woga. Kuanguka vibaya kunaweza kukuumiza wewe na mtoto. Njoo upesi. Ukazae hospitali, na mtoto apewe vitamini K akiisha kuzaliwa, isije damu ikamtoka.

Nyonyesha mtoto wako. Ukiona analala mno na hanyonyi kwa nguvu, mlete.

Tena fenobarbitali na karbamazepini zinapunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi na ya vijiti vya mkononi. Sindano ya miezi 3 na kitanzi vinabaki na nguvu yao. Mwambie muuguzi wa uzazi jina la dawa unayomeza.

NENO KWA WATU WA NYUMBA

Mgonjwa akianguka: mwondoe karibu na moto na maji. Weka nguo laini chini ya kichwa. Legeza nguo ya shingoni. Usimshike kwa nguvu, wala usitie kijiko au kidole kinywani. Akitulia, mlaze kwa upande. Usimnyweshe kitu mpaka ameamka kabisa. Kutetemeka kukipita dakika 5, au akianguka tena kabla hajaamka, mpelekeni hospitali mbio.

Na katika majuma ya kwanza, msimwite mvivu. Mtoe kwa muda kazi ya moto, mwingine apike bugali. Mkumbusheni kidonge magaribi bila kumkemea.

MAOMBI NA DAWA

Wengine wanaambiwa katika vyumba vya maombi: ukimeza dawa huna imani. Wamama, mimi ni mtu wa maombi. Luka aliyeandika Injili alikuwa munganga, na Paulo anamwita mpendwa. Kuomba na kumeza kidonge si maadui. Omba asubuhi, omba magaribi, na kidonge kikiwa mkononi mwako, mshukuru Mungu, kiisha umeze.

Yule mama wa mkono ulioungua alianza dawa tena. Safari hiyo tuliketi pamoja na mama mkwe wake, naye akajifunza kumkumbusha. Vidole havikunyoka. Lakini siku moja alinipitia njiani, amebeba mzigo wa mihogo mgongoni, akaniambia: "Mama, ukuta wangu hauna alama." Nilimwelewa.

Ukimjua mtu anayeanguka, na wamemficha nyumbani, mwambie somo hili. Na juma lijalo mlete pamoja nawe.

MASWALI YA KUKUMBUKA

1. Fenobarbitali inahitaji majuma mangapi ili ifike kipimo chake?
2. Usingizi ukikusumbua mwanzoni, utafanya nini?
3. Dalili gani nne zinakutuma hospitali siku ileile?
4. Sababu gani mtu asiache dawa ghafula?
5. Nani katika nyumba yako atakukumbusha kidonge?

Bwana awalinde ninyi na watoto wenu.