Presha: Mapacha Watufunza Nini?

Msomaji, chukua mfano wa mapacha waliozaliwa Githongo, Meru. Mmoja amebaki nyumbani kuchuma majani chai. Mwenzake anafanya kazi ya kuketi ofisini Nairobi. Huyu wa mjini akipatikana na shinikizo la damu, je, alaumu ukoo au maisha ya mjini?

Wataalamu hutafuta jibu kwa kulinganisha mapacha. Wale wa yai moja wana jeni zile zile. Wale wa mayai mawili wanafanana jeni kwa karibu nusu tu, kama ndugu wengine. Lakini wote hulelewa nyumba moja na kulishwa chungu kimoja. Basi ugonjwa ukiwapata wote wawili mara nyingi zaidi kati ya wale wa yai moja, urithi una mkono wake. Na hao wakitofautiana, sababu hutafutwa katika maisha yao.

Presha ina pande zote mbili. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuata Waluo waliohamia Nairobi kutoka vijiji vya magharibi mwa Kenya. Presha yao ilikuwa juu kuliko ya wenzao waliobaki kijijini. Mkojo wao ulikuwa na chumvi zaidi, na upungufu wa potasiamu, madini yapatikanayo katika mboga, ndizi na viazi.

Kwa hivyo, ndugu yako akipatikana na presha, usingoje kuumwa. Mara nyingi haina dalili. Kapimwe, punguza chumvi, kula mboga na utembee. Jeni huwezi kuzibadilisha. Sahani yako waweza.