SOMO LA LEO: RISASI IPI KWA MNYAMA YUPI?



Katika madarasa yetu ya Mtoni, Temeke, wapo wengi ambao kwao ni Rufiji, Kisarawe na Kilwa. Wakienda kusalimia nyumbani hurudi na habari za porini, na swali moja huulizwa mara kwa mara: "Inakuwaje nyati apigwe risasi, damu imwagike, halafu aende zake?"

Leo tulijibu swali hilo. Somo hili linamfaa askari wa wanyamapori wa kijiji, na linamfaa mwenye kibali cha kuwinda. Linamfaa pia yule ambaye hajashika bunduki maisha yake yote. Maana anayekutana na nyati aliyejeruhiwa kesho yake asubuhi, mara nyingi siye yule aliyempiga. Ni mama anayekwenda kuteka maji. Ni mzee anayekwenda shambani.

1. RISASI NI NINI?

Neno "risasi" lina maana mbili. Kwanza ni jina la madini: mazito, laini, ya rangi ya kijivu. Pili ni kile kitu kinachotiwa ndani ya bunduki. Maana ya pili imetoka katika ile ya kwanza, kwa kuwa tangu zamani vitu hivyo vilitengenezwa kwa madini hayo.

Risasi nzima ya bunduki ya siku hizi ina sehemu nne. Kuna ganda la shaba. Ndani ya ganda mna baruti. Nyuma, kitakoni, kuna fataki inayowasha baruti. Mbele kuna kichwa. Bunduki ikilia, ganda hubaki na kichwa peke yake ndicho huruka. Basi tunaposema "kuchagua risasi", jambo kubwa ni kuchagua kichwa.

2. KICHWA KINA KAZI MBILI

Watu wengi hudhani risasi huua kwa kishindo. Sivyo. Mnyama hufa haraka pale moyo au mapafu yanapopasuka, damu ikaacha kufika kwenye ubongo. Kwa hiyo kichwa cha risasi kina kazi mbili: kupenya mpaka ndani, na kufanya jeraha pana kikishafika huko.

Kazi hizi mbili hazipatani. Tupa tonge la udongo laini ukutani: litatawanyika, halitaingia. Sasa piga msumari: utaingia, lakini tundu lake ni dogo. Kichwa cha risasi kinachotanuka haraka hakifiki mbali. Kisichotanuka hufika mbali, lakini huacha tundu jembamba. Kuchagua risasi ni kuzipatanisha kazi hizi mbili kwa mnyama unayemkusudia.

3. AINA TATU ZA VICHWA

(a) Kichwa kigumu. Hiki kimevikwa shaba au chuma mbele yote, au kimetengenezwa kwa shaba tupu. Hakitanuki. Huvunja mfupa na kuendelea mbele. 

(b) Kichwa laini. Hiki kimevikwa shaba ubavuni, lakini nchani madini ya risasi yako wazi. Kikigonga mwili hutanuka kama uyoga. Kinamfaa mnyama mdogo au wa kadiri. Kikigonga bega la mnyama mkubwa kwa kasi kubwa, huenda kikavunjikavunjika kabla ya kufika moyoni.

(c) Kichwa kilichofungwa. Hiki ni cha katikati: mbele hutanuka, nyuma hubaki imara na kusukuma. Habari yake inafundisha. Mwaka 1946 Mmarekani mmoja, John Nosler, alikuwa akiwinda Kanada mnyama mkubwa mwenye pembe pana aitwaye musi. Risasi zake laini zilipasukia karibu na ngozi, hazikuingia ndani. Aliporudi kwake alitengeneza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati, ili sehemu ya nyuma isivunjike hata ya mbele ikivunjika. Kilianza kuuzwa mwaka 1948, na mpaka leo wawindaji wa huko hukitumia kwa mnyama wao aitwaye elki, ambaye dume lake hufika kilo 300 na kuzidi. Baadaye vilikuja vichwa vya shaba tupu vyenye tundu nchani, navyo hutanuka bila kuvunjika.

4. KWA NINI RISASI YA VITA HAIFAI?

Wapo wanaosema, "Risasi inayomwangusha askari itashindwaje na kongoni?" Tuwajibu kwa historia. Mwaka 1899 mataifa yalikutana The Hague, Uholanzi, yakakubaliana kwamba risasi zinazotanuka mwilini zisitumike vitani, kwa kuwa majeraha yake ni ya kikatili. Ndiyo maana risasi za kawaida za kijeshi zina kichwa kilichofunikwa.

Porini mambo ni kinyume. Huko huruma ni mnyama kufa upesi. Risasi ya kijeshi inaweza kupita upande huu na kutokea upande wa pili, mnyama akakimbia kilomita nyingi na kufia mbali. Nyama imepotea, na mnyama ameteseka bure.

Na gobore je? Gobore hupakiwa baruti na vipande vya chuma kupitia mdomoni. Vipande hivyo havina umbo la kupenya wala shabaha ya kuaminika. Na ukikosa, huna risasi ya pili mpaka upakie upya. Kumpiga nyati kwa gobore ni kumchokoza.

5. UKUBWA PEKE YAKE HAUTOSHI

Mwindaji mmoja wa Kiskoti, W.D.M. Bell, aliwinda tembo Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20. Tembo wengi aliwaua kwa bunduki ndogo ya milimita 7, yenye kichwa cha gramu 11 hivi. Aliwezaje? Alitumia kichwa kigumu, kirefu na chembamba, na alijua hasa ubongo wa tembo ulipo, maana alikuwa amelichunguza fuvu lake. Kwa kichwa laini cha bunduki ileile asingefika popote.

Hatusemi tumuige Bell. Mtu wa kawaida mikono hutetemeka, na mnyama hasimami apendavyo mpigaji. Tunachojifunza ni kwamba umbo la kichwa na mahali pa kupiga vina uzito kuliko kishindo cha bunduki.

6. TUPIME KWA MNYAMA

Swalapala: kilo 50 au 60 hivi. Kichwa laini cha bunduki ya kadiri kinatosha.

Tandala mkubwa: dume hufika kilo 200 mpaka 300. Huyu ndiye anayekaribiana na yule elki wa Marekani. Tumia kichwa kilichofungwa.

Pofu: dume kubwa laweza kufika kilo 900. Ni mpole, lakini mwili wake ni mnene. Hapa panatakiwa kichwa kizito kilichofungwa. Kichwa laini chepesi ni cha kumjeruhi tu.

Nyati: dume hupita kilo 600, na akijeruhiwa hujificha kichakani akamngoja anayemfuata. Hapa Tanzania bunduki ndogo kabisa inayokubaliwa kwa wawindaji wa nyati ni ile ya .375, yaani karibu milimita 9.5. Risasi maarufu ya kipimo hicho ilitolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912, na kichwa chake cha kawaida kina gramu 19. Wawindaji wengi hutanguliza kichwa kilichofungwa, kisha hufuatisha vigumu.

Lakini tahadhari! Kichwa kigumu kinaweza kupita ndani ya nyati wa kwanza na kumjeruhi wa pili aliye nyuma yake. Usipige mnyama aliyesimama mbele ya wenzake.

7. BAADA YA KUPIGA

Ukimjeruhi mnyama, kazi haijaisha. Ni wajibu wako kumfuatilia na kummaliza. Ukimkosa, toa habari haraka kwa askari wa wanyamapori na kwa serikali ya kijiji, ili watu waonywe wasipite njia hiyo. Kunyamaza kwa kuona haya kunaweza kumponza jirani.

Tena, vichwa vya madini ya risasi huacha vipande vidogo sana ndani ya nyama. Madini hayo ni sumu, na huwadhuru zaidi watoto. Kata nyama yote iliyo kando ya jeraha, uifukie. Jimbo la California, Marekani, lilipiga marufuku kabisa risasi za madini hayo katika uwindaji kuanzia Julai 2019, kwa sababu ndege wala mizoga walikuwa wakifa.

Mwisho, tukumbuke sheria. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila kibali. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakataza kuwa na bunduki au risasi bila leseni. Nyati akiingia shambani, usiazime bunduki ya jirani. Waite wenye kazi yao. Na wakija, sasa unajua la kuwauliza: "Mmekuja na kichwa gani?"

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Taja kazi mbili za kichwa cha risasi. Kwa nini hazipatani?
2. Kwa nini risasi ya kijeshi haifai kuwindia kongoni?
3. Kijijini kwenu nyati akijeruhiwa jioni, nani apelekewe habari kwanza? Watoto waendao shule waonywe kwa njia gani kabla ya alfajiri?