Bustani Iliyojaa Maji

Mvua kubwa imenyesha siku 3. Siku ya 4 mama anakwenda bustanini kuchuma lengalenga, naye anakuta majani yamenyauka kana kwamba jua limeyachoma. Anashangaa: maji ni tele, mbona mboga zinaonyesha kiu? Wengine wakiona hivyo huzimwagilia tena. Hiyo ni kuziua.

Tuelewe jambo hili kwanza. Mizizi hupumua. Katika udongo mzuri mna matundu madogo yenye hewa. Maji yakiyajaza, hewa hutoka, nao mzizi usiopumua hauwezi kunyonya maji, hata ukiwa umekaa ndani yake. Ng'oa mmea mmoja utazame. Mzizi mweupe na mgumu ni mzima. Mzizi mweusi, laini, wenye harufu mbaya, umekwisha kuoza.

Basi kazi ya kwanza ni kuyatoa maji. Chimba mfereji kando ya tuta, upite chini ya mizizi, ufuate mteremko. Usiuelekeze kisimani wala shambani kwa jirani. Ugomvi wa namna hiyo tunao wa kutosha. Usikanyage tuta, maana udongo wenye maji ukikanyagwa hushikana kama tofali, na hewa hairudi. Wala usilime upesi. Kamata udongo mkononi, uufinye, kisha uuguse kwa kidole. Ukibaki donge, ngoja. Ukimomonyoka, palilia juu juu tu.

Mimea haina nguvu sawa. Maharagi hayavumilii, siku chache ndani ya maji zinatosha kuyaharibu. Mpunga na mateke, ambayo wengine huita majimbi, hukaa majini bila shida, kwa kuwa ndani yake mna njia za kupeleka hewa mpaka mizizini. Nyanya huweza kutoa mizizi mipya kwenye shina. Kwa hiyo udongo ukikauka kidogo, pandisha udongo shinani, nayo itajishika tena. Viazi vitamu vikianza kuoza, kata ncha za majani zilizo nzima uzipande juu ya tuta jipya.

Majani yakigeuka manjano baadaye, ni kwamba mvua imechukua chakula cha udongo. Tia mbolea ya mbuzi iliyooza vizuri, kidogo tu, baada ya maji kwisha.

Mihogo huozea ardhini, kwa hiyo watu huivuna kwa haraka. Hapo kuna hatari. Mihogo michungu ina sumu, nayo haipungui kwa sababu sisi tuna njaa. Usifupishe siku za kuiloweka: siku 3 au zaidi, kisha ianike juani. Sumu hiyo, hasa kwa watu wasiopata maharagi au samaki, huleta konzo, ugonjwa wa kulemaa miguu, na miguu hiyo haiponi.

Tena uliza maji yalitoka wapi. Mvua iliyoanguka juu ya bustani ni jambo moja. Mto uliopita vyooni ni jambo lingine. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika mjini Uvira, ukaingia nyumbani mwa watu. Maji ya namna hiyo huchukua uchafu wa vyoo, na kipindupindu husafiri ndani yake. Mboga zilizoguswa na maji ya vyoo zitupwe, hata zikiwa bado kijani. Nawa mikono kwa sabuni ukitoka kuzing'oa.

Lakini mtoto aliyevimba kwa kukosa chakula bora, akarudi nyumbani juzi, hawezi kungoja msimu mwingine. Mnunulie maharagi au dagaa sokoni kama unaweza. Bustanini, maji safi ya mvua yakikauka, inua tuta moja dogo karibu na nyumba, urefu wa shubiri mbili kwenda juu, usie lengalenga. Kwa muda wa wiki 4 hivi utachuma. Mahali pa chini, maji yanapopenda kutuama, panda mateke.