Beseni la bustani linavuja: tafuta kitundu kabla ya kununua simenti

Wenye kulima mboga ndani ya lupango kule Kamalondo wanajua shida ya nafasi. Beseni la maji linajengwa kwa matofali juu ya ardhi, karibu na nyumba, hata karibu na ukuta wa jirani. Likivuja, hasara ni mbili. Toka mwezi wa 5 hadi wa 9 hakuna mvua ya kulijaza tena, na lengalenga inakauka. Halafu maji yanayotoroka yanalainisha msingi wa nyumba, zaidi kama ni ya matofali mabichi.

Tunasikia mara nyingi: "Mayi inapotea, hatuone kwenye inapitia." Basi mtu anapaka simenti beseni nzima, na kisha wiki mbili mayi inapotea tena. Pesa imeenda bule. Tufuate njia hii.

1. Tupime kwanza

Weka ndoo juu ya tofali ndani ya beseni. Ijaze mpaka maji yake yalingane na maji ya beseni. Tia alama pande zote mbili, usichote kitu kwa saa 24. Kama yameshuka sawasawa, ni jua na upepo tu. Kama beseni limeshuka kuliko ndoo, linavuja.

Tupige hesabu: beseni la mita 3 kwa mita 2 likishuka sentimita 1, ni lita 60, ndiyo bidoni 3 za lita 20. Likishuka sentimita 3 kuliko ndoo, unapoteza bidoni 9 kila siku!

2. Acha maji yakuonyeshe

Hamisha samaki kama wapo. Acha maji yashuke yenyewe, na kila asubuhi utie alama. Kwenye yanasimamia, kitundu kiko kwa urefu ule.

- Yakisimama kwa mdomo wa bomba, angalia kandokando ya bomba.
- Yakisimama katikati ya ukuta, fuata mstari ule pande zote nne.
- Yakiisha yote, angalia chini, zaidi pembe za ukuta na sakafu.

Nje pia kuna dalili: tofali lenye unyevu, ukoga, ao chumvi nyeupe. Ukishuku ufa ulio ndani ya maji, mimina polepole kikombe cha maji ya udongo mwekundu karibu nao, maji yakiwa yametulia. Ukiona udongo unavutwa, umepata.

3. Tutengeneze

Toa maji. Chonga ufa kwa patasi mpaka upate sentimita 2 za upana na za kina. Kupaka juu-juu hakushiki. Sugua, toa vumbi, lowesha. Changanya simenti kipimo 1 na mchanga safi vipimo 3, maji kidogo, shindilia ndani. Kisha piga lipu, ipite ufa kila upande. Funika kwa magunia yenye maji kwa siku 7. Simenti ikikauka haraka kwa jua la kiangazi, inapasuka tena.

4. Kabla ya kurudisha samaki

Simenti mpya inachoma samaki. Jaza beseni, acha siku 3, mwaga. Rudia mara 2 ao 3.

Ufa ukirudi palepale

Hapo simenti siyo dawa. Pengine mzizi wa mwembe ao wa avoka unasukuma, ao msingi unazama upande mmoja. Kata mzizi, ao bomoa upande ule na ujenge upya juu ya msingi ulioshindiliwa. Asiye na uwezo huo atandike plastiki nzito ndani, lakini aondoe mawe makali chini yake kwanza kabla ya kutandika.

Beseni likiwa la memba wengi, tuchague mtu mmoja wa kuangalia alama kila wiki. Na tumwambie jirani mapema: ukuta wake uko hatarini kama bustani yetu.