Rangi Itoke, Injini Ibaki Salama

Kupata mtu wa kutoa rangi ya injini ya pikipiki kwa kupiga mchanga si kazi Baba Dogo, Nairobi. Mtaa huu umejaa viwanda na karakana, na ukifuata Outer Ring Road hadi Kariobangi Light Industries utakutana na mafundi wa kila aina. Injini huharibika kwa sababu nyingine: anayepiga mchanga na anayefunga injini mara nyingi ni watu wawili, na chembe alizosahau wa kwanza hujulikana tu beringi zikianza kulia.

Kwa hiyo fungua injini yote kabla ya kuipeleka. Injini iliyofungwa, hata ukiiziba kila tundu unaloliona, itapitisha vumbi kwenye oili sili na kwenye kitundu cha kupumulia. Toa beringi, toa sili, toa vali kwenye silinda hedi. Kisha osha kila kipande kwa mafuta taa, halafu kwa maji moto na sabuni ya unga, na ukikaushe kabisa. Kipande chenye grisi hushika chembe kwenye kona zake, na grisi hiyo huchafua chembe zote zilizo ndani ya kabati la kupigia.

Halafu ziba. Kila tundu la bolti litiwe bolti kuukuu, njia za oili zitiwe vizibo vya raba, na sehemu zinazokaliwa na gasketi zifunikwe kwa tepu nzito mikunjo miwili au mitatu. Kifuniko cha upande wa klachi kiangalie mara mbili, kwa sababu kwenye injini nyingi ndogo kina njia ya oili iliyopita ndani ya ukuta wake, nayo ni nyembamba na ina kona. Ndani ya silinda, mahali pistoni inapopita, pasiguswe kamwe. Ndani ya kesi ya injini vilevile. Huko hakuna rangi inayomsumbua mtu. Kabureta usiipeleke kabisa.

Sasa tuje kwenye chembe zenyewe, na hapa ningependa tusielewane vibaya. Mchanga wa mtoni, ule unaoletwa kwa malori kutoka Machakos kwa ujenzi, usitumike. Ni wa bei rahisi na unatoa rangi haraka, lakini umejaa silika, na ukigonga chuma kwa kasi unapasuka kuwa vumbi jembamba ambalo jicho halilioni. Vumbi hilo hutia makovu kwenye mapafu, ugonjwa uitwao silikosi, na makovu hayo hayana dawa ya kuyaondoa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka silika ya aina hiyo miongoni mwa visababishi vya saratani mwaka 1997. Uingereza ilikwishapiga marufuku mchanga katika kazi hii tangu 1949. Uturuki iliukataza kwenye viwanda vya suruali za jinzi mwaka 2009, baada ya vijana waliokuwa wakizipauisha kwa mchanga kuugua na kufa. Kitambaa kilichofungwa puani hakimkingi fundi. Na Baba Dogo karakana na nyumba za kupanga zimebanana, kwa hiyo vumbi la uwanjani halibaki kwa fundi peke yake. Linaingia kwa jirani anayenyonyesha.

Tumia punje za kioo. Hazina silika ya hatari kama ya mchanga, na aluminiamu ikipigwa nazo hutoka laini yenye mng'ao mtulivu. Aluminiamu oksidi ni kali zaidi. Iachie vipande vya chuma, kwani huikwangua aluminiamu na baadhi ya chembe hujichimbia ndani yake. Shinikizo la psi 40 hadi 60 linatosha kwa vifuniko na silinda hedi. Fundi akipandisha geji hadi 100 ili amalize mapema, mwambie ashushe, hasa kwenye mapezi ya silinda ambayo ni membamba. Kompresa iwe na kichujio cha maji, la sivyo punje zitashikana na kuziba nozeli. Kazi ifanyike ndani ya kabati lililofungwa lenye kifyonza vumbi, na fundi avae barakoa ya kuchuja vumbi hasa.

Wapo wanaokwepa gharama kwa kuloweka vifuniko kwenye kostiki soda. Usikubali. Kostiki huila aluminiamu yenyewe, na mchemko unaouona ni gesi ya haidrojeni, inayoshika moto upesi.

Kipande kikirudi, kazi kubwa ndiyo inaanza. Puliza kila njia kwa hewa kutoka pande zote mbili. Osha kwa maji moto na sabuni, pitisha brashi nyembamba ndani ya matundu ya oili, puliza tena, osha tena. Safisha nyuzi za kila tundu la bolti kwa tapu ya kukatia nyuzi, ukiizungusha kwa mkono. Mwisho mwaga oili nyepesi kwenye njia zake na uipokee kwenye kitambaa cheupe. Ukiona hata chembe moja, rudia kuanzia mwanzo.

Paka rangi siku hiyohiyo, kabla aluminiamu haijaanza kupauka na kabla mikono yenye mafuta haijaishika. Futa kwanza kwa thina, kisha upake matabaka membamba ya rangi ya kuhimili joto. Rangi hiyo hukomaa kwa moto, kwa hiyo fuata maelezo ya kopo.

Ewe mwenye pikipiki, kabla ya kulipa, omba uonyeshwe gunia la chembe zinazotumika. Ukikuta ni mchanga wa mtoni, chukua vipande vyako uondoke.